Fidla Haihitaji Barafu

Turubai lilifungwa juu ya viti vya wageni, likaishia hatua mbili kabla ya kufikia viti vya wasanii. Hakuna aliyekusudia iwe hivyo, wala hakuna aliyejishughulisha kulivuta. Mize Mjaka aliwekwa kwenye kiti cha mwisho cha safu ile, kiti cheupe cha plastiki, fidla yake mapajani, akaambiwa asiinuke mpaka mgeni rasmi afike. Ilikuwa saa mbili kamili za asubuhi. Mgeni rasmi alitarajiwa saa mbili na nusu.

Baba yake, Mjaka, mchuuzi wa samaki wa Tumbe, alisimama nyuma ya kamba pamoja na watazamaji wengine. Alimleta Chake Chake kwa pikipiki, kama alivyomleta kila Jumamosi kwa muda wa miaka minane: yeye mbele, binti katikati, fidla mgongoni kwa binti, na nyuma yao sanduku la samaki lililofungwa kwa mipira ya baiskeli. Siku nyengine humshusha Tibirinzi kwa mwalimu wake, akaenda sokoni. Leo samaki wake alimwachia mwenzake amuuzie, kwa bei yoyote atakayoiona inafaa, kwa sababu leo palikuwa na jambo la kulisubiri.

Jambo lenyewe lilikuwa barua. Waalimu watatu wa chuo kimoja cha muziki cha Kairo walikuwa wanakuja Unguja baada ya siku kumi na mbili kuwasikiliza vijana ambao hawajatimiza miaka kumi na minane. Kutoka kila kisiwa wangemchukua mmoja, wamsomeshe kwa miaka minne, mpaka aweze kukaa mbele ya watu popote duniani na kupiga peke yake. Mize alibakisha miezi miwili atimize umri huo. Hapakuwa na mwengine Pemba nzima anayeweza kupiga kipande cha dakika saba bila ya karatasi mbele yake, na kila mwenye masikio alilijua hilo. Lakini hasikilizwi mtu bila ya barua ya utambulisho, na barua hutolewa na afisi inayosimamia wasanii, na mkuu wa afisi hiyo, Bwana Ishak, alikwisha kusema: "Binti atupigie kwenye ufunguzi wa ukumbi, Jumatatu aje achukue barua yake."

Saa tatu ikapita. Saa nne ikaingia. Wageni walipewa maji ya chupa, wasanii hawakupewa. Jua lilikuwa limemkaa Mize usoni, naye hakulijali. Alichokijali ni kile kilichokuwa mapajani. Alivuta ncha ya mtandio wake akaifunika fidla. Kijana wa itifaki akaja akamwinamia.

"Ondoa nguo hiyo, dada. Wapiga picha wanataka ala ionekane."

Mize akaondoa.

Mjaka aliona. Akainama, akapita chini ya kamba, akamfuata Bwana Ishak aliyekuwa amesimama kivulini na simu mbili mkononi.

"Asalamu alaykum, Bwana Ishak. Samahani sana. Ile fidla imeungwa kwa gundi. Mwalimu wake, Maalim Hamood, alitwambia isikae juani."

"Waalaykum salaam. Mgeni yupo njiani, mzee."

"Basi asogee tu hapa chini ya turubai. Au nimpelekee mwavuli."

"Mwavuli? Katika picha ya ufunguzi?" Bwana Ishak alirudi nyuma hatua moja, akalitazama shati la Mjaka lililokuwa safi tangu alfajiri, akavuta pumzi puani kama mtu anayechunguza. "Mzee Mjaka, ile ni ala ya muziki, si samaki wako, changu wala tasi. Fidla haihitaji barafu."

Waliokuwa karibu wakacheka. Mjaka naye akacheka. Hilo ndilo alilokuja kulikumbuka baadaye kila alipokuwa peke yake: si kwamba alichekwa, bali kwamba na yeye alicheka, akashukuru, akarudi nyuma ya kamba.

Mgeni rasmi aliwasili saa tano na dakika arobaini. Hakuomba radhi, kwa sababu hakuna aliyemwambia kuwa amechelewa. Utepe ukakatwa, dua ikasomwa, kisha Mize akaitwa.

Mafungu matatu ya mwanzo yalitoka yalivyotakiwa kutoka. Watu waliokuwa wakinong'ona walinyamaza, na hata mgeni rasmi aliiweka chini chupa yake ya maji. Katika fungu la nne fidla ilianza kukereza, mfano wa nyuki aliyefungiwa ndani ya kopo. Ubao wa mbele ulikuwa umeachana na ubavu, kwa urefu wa kidole. Mize aliukaza upinde, akakwepa uzi mnene, akaendelea na ule mwembamba. Ndipo kile kijiti kinachosimama ndani ya fidla kikaanguka. Alikisikia kikigonga mbao, na sauti yote ikazama.

Bwana Ishak alimwashiria mtu wa mitambo. Kwenye spika ukatoka wimbo ule ule, uliorekodiwa wiki moja nyuma siku ya mazoezi, na aliyeupiga alikuwa ni Mize mwenyewe. Bwana Ishak akamsogelea kwa nyuma, akatabasamu kwa ajili ya wageni.

"Peleka upinde tu. Hakuna atakayejua."

Mize alimtazama. Kisha akaushusha upinde, akasimama, akainamisha kichwa mbele ya mgeni rasmi kwa adabu zote alizofunzwa, akaketi na fidla yake imefumbatwa kifuani. Spika iliendelea peke yake kwa dakika nne na zaidi. Mgeni rasmi aliitazama spika, akamtazama binti, akaitazama tena spika. Nyuma ya kamba kicheko kikaanza kwa mmoja, kikafika kwa wote. Safari hii Mjaka hakucheka.

Maalim Hamood, mwalimu wa Mize, alikuwa karani wa serikali kwa miaka thelathini na mpiga fidla wa taarabu kwa arubaini. Adhuhuri ile aliipokea fidla barazani kwake Tibirinzi, akaigonga ubavuni kwa kifundo cha kidole, akaigeuza, akaitikisa ili akisikie kile kijiti.

"Haikuvunjika," alisema. "Imefunguka. Gundi imeyayuka, basi. Aliyeitengeneza alikusudia iwe hivyo: ikizidiwa ifunguke, isipasuke."

"Inaungika?" aliuliza Mjaka.

"Fundi wa Unguja ataiunga. Ataiweka mwezi mzima kwanza, kwa heshima ya kazi."

"Tuna siku kumi na mbili, Maalim. Dukani kuna gundi kali, ile ya tyubu. Nnaungia kila kitu."

"Ukiitia ile, siku nyengine ikipata jua haitofunguka. Itapasuka, na hapo tutaizika." Maalim alifikiri kidogo. "Mjaka, chewa mkubwa ukimpasua, kile kibofu chake cha hewa unakifanya nini?"

"Twawatupia paka."

"Basi paka wa Tumbe wana neema. Gundi bora ya fidla hutokana na hicho. Kikaushwe, kikatwe vipande vidogo, kirowekwe usiku kucha, kisha kipashwe moto wa taratibu bila ya kuchemka. Marehemu baba yangu hakuungia kwa kitu chengine."

Mjaka alimtazama kuona kama anafanyiwa mzaha. Asubuhi ile alikuwa ameshafanyiwa mmoja.

"Kweli, Maalim?"

"Mimi mzaha wangu huwa juu ya serikali tu."

Walifanya kazi ile kwa siku nne. Mjaka alileta vibofu vya chewa wawili, vimekaushwa juu ya bati hadi vikawa kama kucha. Maalim aliipasha gundi ndani ya kikombe kilichowekwa katika sufuria ya maji ya moto, akaipitisha kwenye ufa kwa kisu chembamba. Ilipofika zamu ya kubana, hapakuwa na vibanio vya kazi ile. Mjaka akaiendea pikipiki, akafungua mipira aliyofungia sanduku la samaki, akaiosha kwa sabuni mara mbili, akaizungusha fidla kama azungushavyo mzigo: si kwa nguvu, bali kwa kila upande kukaza sawa na mwenzake.

"Umeshawahi kuifanya kazi hii?" Maalim aliuliza.

"Kila siku. Kutoka Tumbe mpaka hapa, na barabara uijuavyo, sijadondosha samaki hata mmoja."

Mize aliyekuwa amekaa kwenye ngazi alicheka kwa mara ya kwanza tangu Jumamosi. Mipira ilipofunguliwa siku ya nne na kijiti kikasimamishwa mahali pake, aliuvuta upinde mara moja, polepole, kutoka uzi mnene hadi ule mwembamba. Maalim alifumba macho.

"Inanukia kidogo," Mize alisema.

"Itaacha," alisema Maalim. "Na isipoacha, Wamisri nao wanakula samaki."

Barua, hata hivyo, haikupatikana Jumatatu. Katibu wa afisi, Bi Widad, alimweleza Mize kwa sauti ya chini kuwa bwana mkubwa ameagiza aje mzazi wake, na kwamba limetayarishwa tamko la kuomba radhi ambalo mzazi atatia saini kwanza. Barua ya utambulisho ilikuwa tayari, imepigwa muhuri. Bi Widad aliifungua droo akamwonyesha, kisha akaifunga. "Sikwambii chochote, mwanangu," alisema, "ila mwambie baba aje na miwani."

Jumatano jioni, fidla imesharudi, ndani ya nyumba ya Tumbe, Mwanawema, mama yake Mize, alikuwa akikuna nazi, naye alikuwa na uamuzi wake.

"Tia saini, baba Mize. Karatasi haimli mtu. Umetia saini ngapi huko dikoni zinakoshusha mashua, na hata moja hukuisoma?"

"Zile za samaki."

"Na hii ya mtoto. Unafunga macho unatia, mtoto anakwenda zake. Hiyo radhi atakuwa nayo Ishak kwenye jalada lake, na sisi tutakuwa na binti msomi. Nani kafaidi?"

Mjaka alimgeukia Mize. "Wewe wasemaje?"

Mize alikuwa akipitisha kitambaa chini ya nyuzi.

"Mimi sikuharibu kitu, baba. Nilikatazwa kuifunika, ikafunguka. Nikaambiwa nijifanye napiga, sikuweza. Ukiandika kuwa pale nilikosa, huko Kairo nitakwenda kujifunza nini? Kupiga, au kujifanya?"

"Mama yako kasema ni karatasi tu."

"Nami sikwambii utie wala usitie. Nataka kwenda, baba. Nataka mpaka naumwa. Ila hayo ndiyo yaliyo moyoni."

Mwanawema alikuna nazi kwa nguvu zaidi, na mazungumzo yakaishia hapo.

Alhamisi Mjaka aliuza samaki wake mapema, akaoga msikitini, akavaa kanzu, akaenda afisini na Mize. Alikwenda akiwa ameshaamua kutia saini. Njia nzima alijisemesha kuwa aibu ya dakika moja si kitu mbele ya miaka minne ya mtoto, na kuwa yeye aibu anaijua, ameshazibeba nyingi, na hii itapata nafasi katika nyengine.

Waliwekwa kwenye benchi la nje kwa saa mbili, ingawa chumbani kwa Bwana Ishak hamkuwa na mtu. Walipoitwa, Bwana Ishak alisema, "Bi Widad, tufungulie madirisha," kabla hata Mjaka hajatoa salamu.

"Tumalize, mzee. Sina kinyongo na mtu. Weka saini hapa chini, barua ya binti ni hii." Aliziweka karatasi mbili mezani, moja mbele ya Mjaka, moja chini ya kiganja chake.

Mjaka alitoa miwani. Alikuwa msomaji wa taratibu. Alisoma kwa kidole, na midomo yake ilitembea.

"Unasoma?" aliuliza Bwana Ishak.

"Kidogo kidogo."

"Ni maneno ya kawaida tu, ya kiafisi."

Mjaka akaendelea. Alisoma kwamba yeye, mzazi, anakiri kuwa ala iliharibika kwa kuhifadhiwa na kusafirishwa pamoja na samaki. Hapo kidole kilisimama. Aliikumbuka mipira iliyooshwa kwa sabuni mara mbili. Akaona kuwa hili linaweza kubebeka; ni lake yeye, si la mtoto. Akaendelea. Alisoma kwamba binti yake, kwa kukosa nidhamu ya jukwaani, alimvunjia heshima mgeni rasmi kwa makusudi. Hili lilikuwa zito zaidi. Akavuta pumzi, akaichukua kalamu, akaishika juu ya mstari. Na kwa kuwa alikuwa ameianza karatasi, na kwa kuwa hakuwa na mazoea ya kukiacha katikati kitu alichokianza kukisoma, akashuka mpaka chini kabisa, ambako maandishi huwa madogo.

"Nakala," alisoma kwa sauti. "Chuo husika, Kairo."

Bi Widad aliinamia kompyuta yake.

"Hii karatasi inakwenda kule?" Mjaka aliuliza.

"Ni utaratibu."

"Inakwenda pamoja na hiyo barua?"

"Mzee, chuo kina haki ya kumjua mwanafunzi kinayemchukua."

"Kwa hivyo huku unawaandikia kuwa anafaa, na huku naandika mimi, baba yake, kuwa hafai."

"Usinitilie maneno mdomoni. Nimekuita nikusaidie. Hao vijana wa Unguja wana walimu, wana ala mpya, wana wazee wenye vyeo. Wewe una nini? Una mimi. Tia saini."

Mjaka aliigeuza ile karatasi. Nyuma ilikuwa nyeupe. Akaandika, kwa herufi kubwa za mtu aliyeishia darasa la saba, na hakuna aliyethubutu kumkatiza kwa kuwa ilionekana kama anaandika jina lake: *Mtoto alikaa juani tangu saa mbili hadi saa tano na dakika arobaini. Niliomba kivuli, nikanyimwa. Fidla ikafunguka. Tumeiunga kwa samaki. Mjaka, baba yake.* Chini yake, baada ya kufikiri, akaongeza: *Nakala: Chuo husika, Kairo.*

Bwana Ishak alisoma. Akaichana karatasi mara mbili. Kisha akaichukua ile barua yenye muhuri, akairudisha kwenye droo, na ufunguo akautia mfukoni.

"Mlango ule pale," alisema.

Nje, jua la saa sita, Mjaka alisimama kando ya pikipiki, ufunguo mkononi. Aliona kuwa ameukata mkono wa mtoto wake kwa kalamu ya watu.

"Mwanangu, mama yako atasema nimeona haya kuandikwa juu ya samaki."

"Na wewe wasemaje?"

"Ile ya samaki ningeitia saini. Wallahi ningeitia."

"Najua, baba," alisema Mize. "Nilikuwa nakutazama kidole."

Siku ya usaili walijaribu. Walipanda meli ya usiku uliotangulia wao na Maalim Hamood, wakafika mlangoni kabla ya mtu yeyote. Mwandikishaji alikuwa mstaarabu. Alimpa Maalim kiti, akalitafuta jina katika orodha mara mbili, akasema anasikitika, lakini bila ya barua hana ruhusa hata ya kuwajuulisha waalimu kuwa kuna mtu nje. Mlango ulikuwa mzito. Waliweza kusikia kuwa ndani panapigwa kitu, lakini si kitu gani. Alasiri wakarudi bandarini.

Baada ya wiki mbili matokeo yalibandikwa. Mbele ya Unguja paliandikwa jina. Mbele ya Pemba paliandikwa: *Hakuna mwombaji aliyekamilisha vielelezo.* Nafasi ile haikupewa mtu mwengine yeyote. Iliachwa tu, kama kiti kilichokosa mtu wa kukikalia, na mwezi uliofuata Mize akatimiza miaka kumi na minane.

Mwanawema hakusema neno juu ya samaki. Alichofanya ni kuacha kumwamkia mke wa Bwana Ishak kwenye maarusi, na kwa mwanamke kama yeye hilo halikuwa jambo dogo.

Gari ya afisi ilifika Tumbe Jumanne moja asubuhi, Mjaka akiwa nje ya nyumba anapanga samaki: tabaka la barafu, tabaka la changu, tabaka la barafu. Dereva, Ame, kijana wa Shumba aliyekuwa akimfahamu, alishuka na bahasha.

"Mzee Mjaka, salaam zako. Bwana Ishak kakuletea."

Mjaka alijifuta mikono, akavaa miwani, akaisoma barua yote hadi chini, Ame akisubiri. Kisha akaita. Ndani ya nyumba fidla, iliyokuwa ikipanda na kushuka tangu alfajiri, ikanyamaza, na Mize akatokea mlangoni na upinde mkononi.

"Kuna ufunguzi mwengine," Mjaka alimwambia. "Mgeni rasmi ni yule yule. Kaulizia alipo msichana wa fidla. Wanataka ukapige, kwa moyo wa kujitolea, na ukae kitini saa mbili asubuhi."

Mize alimgeukia dereva. "Turubai lipo, kaka Ame?"

"Hilo hawakunambia."

Mize aliitikia kwa kichwa, kama mtu aliyekuwa akitaka kuhakikisha tu, akarudi ndani. Fidla ikaanza tena pale pale ilipokuwa imekatiza.

Ame alibaki amesimama, akiisikiliza, akiwa amesahau kidogo alichojia. "Nikamjibu nini, mzee?"

Mjaka alimwaga barafu ya mwisho, akaisawazisha kwa kiganja, akalifunika sanduku.

"Mwambie fidla ipo barafuni."

"Barafuni?"

"Barafuni. Na kama hakuelewa, aje mwenyewe. Nitamwekea kiti pale." Alionyesha kwa kidole katikati ya uwanja, mbali na ukuta, mbali na mti. "Afike saa mbili. Akae, wala asiinuke mpaka nirudi sokoni."

Ame akapatazama mahali pale. Jua lilikuwa limeshafika.